Ardhi ya Umma Huondoka Mchana Kweupe

Fungua kurasa za notisi za kisheria katika gazeti lolote la Kenya, utakuta visanduku vya maandishi madogo ya Kiingereza vimejaa kutoka juu hadi chini. Karibu vyote vinasema jambo moja. Mwenye ploti nambari fulani anakusudia kubadilisha matumizi yake: kutoka kilimo hadi makazi, kutoka makazi hadi biashara, kutoka nyumba ya familia moja hadi ghorofa za kupangisha. Mwenye pingamizi aiandikie ofisi ya mipango ya kaunti ndani ya siku 14. Maneno hayo hayo huandikwa kwenye kibao na kusimikwa kwenye ploti yenyewe, mara nyingi kwa herufi ambazo mpita njia hawezi kuzisoma bila kuvuka mtaro na kusogea hadi uani.

Wengi wetu tunapita bila kutazama. Tunaamini kwamba ardhi ya umma huibwa na wanyakuzi wanaokuja usiku na matingatinga, na kwamba mashamba hupotea kwa sababu vijana hawataki kulima. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya kilimo na maeneo ya wazi huondoka mchana kweupe, kwa fomu iliyojazwa, ada iliyolipwa na sahihi iliyotiwa. Kenya haikosi sheria za kutenga ardhi kwa matumizi mbalimbali, na nyingi ni nzuri. Kinachotuangusha ni utaratibu wa kubadilisha matumizi hayo, ambao ni mwepesi kwa mwenye pesa na haraka, na mgumu kwa jirani atakayeishi na matokeo yake.

Mpango wa matumizi ya ardhi ni ramani iliyopakwa rangi. Katika ofisi zetu za mipango, kahawia ni makazi, zambarau ni viwanda, rangi ya chungwa ni elimu, kijani ni burudani na maeneo ya wazi, manjano ni huduma za umma, nyekundu ni biashara, na buluu ni miundombinu kama maji na umeme. Kila rangi ni uamuzi kuhusu nani alindwe dhidi ya nini. Kiwanda kisitoe moshi dirishani mwa wodi ya wazazi. Mtoto asivuke barabara kuu kwenda kucheza. Maji ya mvua yapate pa kutuama kabla hayajaingia sebuleni mwa watu.

Kati ya rangi zote, kijani ndicho kinachoshambuliwa kwanza. Nyumba ina mwenyewe anayelala ndani, na duka lina mwenyewe anayelifungua asubuhi. Uwanja ni wa kila mtu, na kwa mwenye uroho, cha kila mtu hakina mtu. Baada yake huandamwa manjano, yaani ile ploti ya zahanati au soko ambayo imekaa miaka na miaka ikingoja serikali ipate fedha za kujenga. Mbuzi wanachunga, vijana wanapiga mpira, na siku moja mawe na mchanga vinamwagwa pale na watu wanaanza kuulizana ni nani aliyeuza.

Sisi wa Pwani somo hili tumefundishwa na kuta. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma. Kwa hiyo ufuo ni wetu, kuanzia Vanga hadi Kiunga. Lakini haki ya kukaa ufuoni haina maana kama hakuna njia ya kufika huko. Tembea Nyali, Diani au Watamu utaona kuta zilivyopangana upande wa bahari, na katikati yake vichochoro ambavyo kila mwaka vinazidi kuwa vyembamba.

Mvuvi anayebeba mashine ya boti begani alfajiri, mwenzake nyuma na nyavu na dumu la petroli, anahitaji njia wanayoweza kupita bila kukwaruza ukuta. Akirudi anahitaji mahali pa kupima samaki, kivuli cha kushonea nyavu, na nafasi ya mama karanga wanaongoja na mabeseni yao ili wawahi kukaanga kabla ya jua kuwa kali. Mahali hapo ni diko. Madiko mengi yametumika vizazi kwa vizazi bila mtu yeyote kuyapima wala kuyasajili. Siku diko likizungushiwa ukuta, mvuvi anabaki na kumbukumbu za babu yake mkononi, na aliye upande wa pili ana hatimiliki.

Ndiyo maana kesi ya Nyali inastahili kujulikana na kila mtu anayeishi Pwani. Mnamo Septemba 2017, serikali ya Kaunti ya Mombasa ilibomoa ukuta wa ploti moja ya ufuoni ikisema inafungua njia ya umma kwenda baharini. Kampuni ya Dina Management, iliyokuwa imeinunua na kushika hatimiliki, ilikwenda mahakamani kudai haki yake. Kumbukumbu zilionyesha kwamba ploti hiyo iligawiwa kwanza mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikahamishiwa kampuni nyingine kabla ya kufika kwa Dina. Kesi ilianzia Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikapanda hadi Mahakama ya Rufaa, na Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikaimaliza. Majaji walisema ardhi ile ilikuwa imetengwa kuwa eneo la wazi na ugawaji wake wa kwanza haukufuata sheria. Kwa hiyo, hakuna mnunuzi wa baadaye aliyeweza kupata haki ambayo wa kwanza hakuwa nayo. Kuonyesha hatimiliki hakutoshi. Mtu lazima aonyeshe hatimiliki hiyo ilizaliwaje.

Miezi mitano baadaye, Septemba 2023, mahakama hiyo hiyo iliamua katika kesi ya Torino Enterprises, iliyohusu ardhi inayotumiwa na jeshi Nairobi, kwamba barua ya ugawaji peke yake haimpi mtu umiliki wa ardhi. Hukumu hizi mbili zikisomwa pamoja na Kifungu cha 40(6) cha Katiba, kinachosema ulinzi wa mali hauhusu mali iliyopatikana kinyume cha sheria, umma una silaha ambazo wazazi wetu hawakuwa nazo.

Hata hivyo, tuhesabu miaka. Kutoka ugawaji wa 1989 hadi hukumu ya 2023 ni miaka 34. Mtoto aliyenyimwa njia ya kwenda kuogelea mwaka ule alishakuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Mahakama inaweza kurudisha ardhi, lakini miaka haiwezi kuirudisha. Tena kesi ile ilifika mwisho kwa sababu kaunti yenyewe ilisimama upande wa umma na ilikuwa na mawakili. Uwanja wa mtaa wa Likoni au Changamwe utapata wapi nguvu hiyo?

Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2003, ilikwisha kutueleza ukubwa wa tatizo. Ripoti yake ya 2004 ilikadiria kwamba hatimiliki takribani 200,000 zilikuwa zimetolewa kinyume cha sheria, zikiwemo za misitu, akiba za barabara na viwanja vya shule. Idadi kama hiyo haipatikani kwa kuiba usiku. Inahitaji makarani, wapimaji, wasajili na mihuri. Inahitaji ofisi zinazofanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi.

Njia mojawapo ni hii. Mwenye shamba anapoligawa kuwa ploti za kuuza, sehemu fulani husalimishwa kwa umma bila malipo kwa ajili ya barabara, shule, au uwanja wa kuchezea. Ramani inapitishwa. Ploti za kuuzwa zinapata hatimiliki mara moja, kwa sababu wanunuzi wanazidai. Ile ya umma haina wa kuidai, hivyo inabaki nambari tu kwenye karatasi. Miaka inapita, maofisa waliopitisha ramani wanastaafu, faili linahamishwa kabati. Ndipo mtu anapojitokeza na barua inayosema alipewa nambari ile ile. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali inayothibitisha maneno hayo kuliko uwanja wa umma usio na hati.

Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi waliusukuma ukuta uliozungushiwa uwanja wao wa michezo, na polisi wakawarushia vitoa machozi. Baada ya picha zile kuzunguka dunia ndipo serikali ikaagiza shule za umma zipimwe na kupewa hatimiliki. Agizo lilikuwa sahihi. La aibu ni kwamba ilibidi watoto wavute moshi ule kwanza.

Ardhi ya kilimo ina kisa chake, na hapa lazima tuseme kwa haki. Takribani asilimia 80 ya nchi yetu ni kame au nusu kame. Sehemu inayopata mvua ya kutegemewa ni kama moja ya tano, na sehemu hiyo ndiyo inayozunguka miji inayokua kwa kasi. Huko Ruiru, Kaunti ya Kiambu, ekari takribani 5,000 zilizokuwa za kahawa sasa ni mji mpya wa Tatu City. Mji uliopangwa angalau una barabara, maji na mfumo wa majitaka. Kinachotisha zaidi ni shamba linalokatwakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, bila mpango wowote zaidi ya tangazo linalosema maji na stima ziko karibu na lami ni dakika kumi. Kila aliyenunua anachimba kisima chake upande mmoja na shimo la choo upande mwingine, na jirani yake vivyo hivyo. Baada ya miaka michache mtaa mzima unakunywa maji yasiyofaa, hauna pa kupitisha gari la zimamoto, na shamba lililolisha watu haliwezi kurudishwa hata kwa fedha zote za kaunti.

Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967 inataka mauzo na ugawaji wa ardhi ya kilimo upate idhini ya bodi. Waliowahi kufika mbele ya bodi hizo wanajua swali la kwanza: mke yuko wapi, watoto wanasemaje? Mzee hawezi kuuza shamba la familia huku familia imekaa gizani. Huo ni utaratibu wenye hekima. Basi kwa nini tunapobadilisha eneo zima kutoka kilimo hadi makazi, au kijani hadi nyekundu, hatuoni haja ya kuwaita wanaohusika na kuwauliza ana kwa ana? Uwanja wa mtaa nao una familia, na ni kubwa kuliko ya mzee yeyote.

Najua mkulima ana jibu lake, na simlaumu. Mwenye ekari tatu za minazi na miembe karibu na Mtwapa anaambiwa ardhi yake ni ya kilimo na isiguswe, wakati bei ya nazi haimlipii hata karo ya mtoto mmoja na jirani aliyeuza amejenga nyumba ya mawe. Kumfungia ardhi yake kwa rangi ya ramani, kisha kumwacha bila maji ya kunyunyizia, bila barabara ya kufikia soko na bila bei, ni kumtwisha peke yake mzigo wa kulisha mji. Kama umma unataka shamba libaki shamba, umma ulipie sehemu ya gharama: kodi ya ardhi iwe ndogo kwa anayelima kweli, na miradi ya maji na barabara ianzie maeneo yaliyotengwa kwa kilimo. Marufuku bila msaada huzaa rushwa, maana mtu aliyebanwa atatafuta wa kumfungulia.

Kuna jambo jingine ambalo mwandishi wa Pwani hawezi kuliruka. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi iliyotaka kila mwenye kudai ardhi ya ukanda wa pwani ajitokeze na ushahidi. Wengi wa Mijikenda hawakuandikishwa, na ardhi waliyoishi ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, kisha ya serikali. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya ardhi ya umma, tusimweke kwenye kapu moja skwota ambaye makaburi ya wazee wake yapo pale, na bwanyenye aliyepata barua ya ugawaji ofisini. Wa kwanza anadai haki iliyocheleweshwa na anastahili kupimiwa na kupewa hati. Wa pili amechukua cha wenzake. Mpango wa ardhi usiojua tofauti hiyo utawafukuza maskini kwa jina la umma, na umma wenyewe hautapata chochote.

Wala tusidhani kutenga ardhi ni fikra ya kigeni. Misitu ya kaya ya Mijikenda, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, imedumu kwa sababu wazee waliweka masharti: hakuna kukata mti, hakuna kuchunga mifugo, na kuna njia moja ya kuingilia. Hakukuwa na ramani ya rangi, lakini kila mtoto wa kijiji aliujua mpaka. Kule Lamu, matuta ya mchanga ya Shela ndiyo hifadhi ya maji ya kisiwa. Mvua hunyesha, mchanga huichuja tone kwa tone, na maji matamu hukaa chini yakielea juu ya maji ya chumvi, hadi yachotwe visimani. Ukijenga juu ya matuta hayo, ukachimba mashimo ya choo na kuvuta maji kupita kiasi, chumvi itapanda, na Lamu nzima itakunywa matokeo. Matuta yamelindwa kisheria, lakini ujenzi haujaacha kuyasogelea. Tofauti ya msitu unaodumu na matuta yanayomegwa ni idadi ya watu wanaojua mpaka uko wapi na wana sauti ya kuutetea.

Sisemi mji usikue. Idadi ya watu inaongezeka na lazima walale mahali. Ramani iliyochorwa miaka 40 iliyopita haiwezi kuwa msahafu. Lakini mpango ubadilishwe kwa kuutazama wote, wadi kwa wadi, na kwa mjadala. Kubadilisha ploti moja moja kwa ombi la mwenye ploti ni kuufuta mpango kimyakimya. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inazitaka kaunti ziwe na mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10. Kaunti yenye mpango iufuate, na isiyo nao iache kupitisha mabadiliko makubwa hadi itakapoupata.

Yapo mambo manne ambayo kaunti zinaweza kuyafanya. La kwanza ni daftari la maeneo ya umma: kila wadi ibandike katika ofisi ya chifu, shuleni na sokoni orodha ya viwanja vyake, madiko yake, makaburi yake na njia zake za kwenda baharini, pamoja na nambari na ukubwa wa kila kimoja. La pili ni hati: ardhi iliyosalimishwa isajiliwe kwa jina la umma kabla ploti hata moja ya kuuzwa haijapata hatimiliki. Mgawaji atalifuatilia jambo hilo kwa bidii ajabu, kwa kuwa pesa zake zitakuwa zinalingojea. La tatu ni sababu: afisa anayekubali eneo la kijani au la kilimo libadilishwe aandike kwa nini, ataje nani alipinga, na karatasi hiyo iwe wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

La nne ni lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Hakuna sheria inayozuia kibao kile kuandikwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kando ya njia. Hakuna kinachozuia kusomwa katika baraza la chifu, kutangazwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, au kwenye redio za mitaa ambazo mvuvi na mama karanga huzisikiliza kila siku. Wanaotoa matangazo ya mazishi na harusi wanajua jinsi ya kufikisha habari kijijini kwa siku moja. Kaunti nayo inaweza.

Na wewe msomaji una sehemu yako. Pingamizi halihitaji wakili. Andika jina lako, nambari ya ploti iliyo kwenye kibao, na sababu zako: njia itazibwa, maji hayatakuwa na pa kwenda, shule haina uwanja mwingine. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Wakikataa, sheria ya mipango ya 2019 inakupa siku nyingine 14 za kukata rufaa kwa kamati ya kaunti, na baada yake Mahakama ya Mazingira na Ardhi iko wazi. Ukinunua ardhi, usitosheke na utafutaji wa siku moja kwa msajili. Uliza ilikuwa nini kabla haijawa ploti, maana baada ya hukumu ya 2023 hasara ya kutouliza ni yako.

Mwaka 1989 Wangari Maathai aliandika barua kupinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kusimama Uhuru Park. Alitukanwa Bungeni, lakini jengo halikujengwa, na mamilioni ya Wakenya wameketi kwenye nyasi zile tangu hapo. Alikuwa na habari kwa wakati, na alijua pa kuandikia. Hivyo viwili ndivyo kila mkazi wa Kisauni, Kaloleni na Msambweni anavyovikosa leo, na kaunti zinaweza kuanza kuvitoa wiki hii bila sheria mpya. Ofisi iliyotoa notisi kwa lugha ambayo jirani haisomi, mahali ambapo hapaoni, haina haki ya kuandika kwenye faili kwamba hakuna aliyepinga.